Maji ya Gulwe Yanakoishia

Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 23, na niliiona Bagamoyo. Tulikwenda watano kutoka ofisi moja, mapumziko ya Pasaka. Wenzangu walitaka mchanga, samaki na picha. Mimi pia niliyataka hayo, ila siku ya pili niliwaacha ufukweni nikaenda Caravanserai, mahali misafara ilipokuwa ikijipanga kabla ya kuelekea bara.

Kijana aliyetutembeza aliijua kazi yake. Alisimulia pembe za ndovu, watumwa, wapagazi wa Kinyamwezi, na mwili wa Livingstone uliofikishwa mjini hapo Februari 1874 ukiwa umebebwa kutoka ilipo Zambia ya leo. Kisha akanyoosha mkono magharibi. "Kutoka hapa walitembea mpaka Tabora, mpaka Ujiji."

"Katikati walipita wapi, kaka?"

"Porini, dada. Hapo katikati ni pori tu."

Nimezaliwa kwenye hilo pori.

Kwetu ni Gulwe, kituo cha reli katika wilaya ya Mpwapwa, Dodoma. Ukifungua ramani, utaona kwamba Bagamoyo na Mpwapwa ziko karibu sawasawa kwenye mstari mmoja wa mashariki na magharibi, na kati yake kuna zaidi ya kilomita 260 kwa jicho la ndege. Kando ya Gulwe kuna Kinyasungwe, mto wa mchanga ambao kwa miezi mingi unauvuka bila kulowesha viatu. Mvua zikija unageuka. Unashuka kwa hasira kupitia Godegode na Kidete hadi Kilosa, mara nyingine ukiibeba reli, na maji yake huingia Wami. Wami humwaga baharini upande wa Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo. Kwa hiyo maji niliyokuwa nayachezea Pasaka ile, tone moja moja huenda lilipita kwanza nyuma ya nyumba yetu.

Desemba nilirudi nyumbani, nikapanda bodaboda hadi Mpwapwa. Nimekwenda huko mara nyingi, sokoni na hospitali. Safari hii nilikwenda kama mtalii, jambo lililomchekesha sana dereva.

Mji umekaa chini ya milima ya Kiboriani, na wazee wa Kigogo bado wanauita Mhamvwa. Sababu ya mji kuwepo ni vijito vinavyoshuka kutoka milimani. Msafara uliotoka pwani ulikuwa umevuka nyika ya Mkata na milima ya Usagara. Mbele yake kulikuwa na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali (malenga kwa Kigogo ni maji), halafu Ugogo. Kwa hiyo Mpwapwa ndipo watu walipotua mizigo, wakanywa, wakanunua nafaka, wakauguza miguu. Bagamoyo ilikuwa mlango wa nyumba, Mpwapwa ikawa mtungi wake.

Wasafiri wa Kizungu waliopita huko karne ya 19 waliwalalamikia sana Wagogo kwa sababu ya hongo, ushuru uliotozwa na watemi kabla ya msafara kuruhusiwa kupita na kuteka maji. Walituandika kuwa walafi. Mimi nimekulia kwenye visima vya kuchimba mchangani, ambako ndoo ya pili unaisubiri kisima kipumue. Nikifikiria watu mia kadhaa wanafika kijijini kiangazi, wote na kiu, siuoni ulafi. Leo tungeiita ankara ya maji.

Mwaka 1871 Stanley, akimtafuta Livingstone, alimwacha Mpwapwa mwenzake mgonjwa, baharia wa Kiskoti aliyeitwa William Farquhar. Farquhar alifariki baada ya siku chache. Stanley aliporudi 1872 hakupata hata mfupa, basi akaamuru watu wake wabebe mawe na kujenga rundo liwe alama. Nililisoma hilo nikiwa chuoni, na kilichonikaa kichwani ni wale waliobeba mawe. Walikuwa wametoka Unyanyembe na mizigo kichwani. Wenzao walikuwa wamekufa njiani kwa ndui, kuhara na njaa, na hakuna aliyesimamisha msafara kuwajengea chochote.

Sikwenda kulitafuta rundo hilo. Niliyemtafuta ni mpagazi, na mpagazi hana kibao.

Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1876, wakielekea Uganda. Katikati ya 1889 wapiganaji wa Abushiri waliivamia stesheni ya kampuni ya Kijerumani hapo hapo Mpwapwa. Shuleni vita hivyo tulifundishwa kama mambo ya Pangani na Bagamoyo. Sikumbuki mwalimu aliyetuambia kwamba vilifika kwetu. Miezi michache baadaye Wissmann alikuja akajenga ngome, na Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Kisha miji yote miwili ikaachwa, na walioiacha ni wale wale. Bandari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi, kwa hiyo mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam, na reli ilipoanza kujengwa 1905 ikaanzia huko. Ilipofika bara ilifuata bonde la mto, ikaiacha Mpwapwa nyuma ya vilima, ikapita Gulwe. Mwaka 1910 ikawa Dodoma. Mzigo ambao zamani uliwataka wanaume mia wanywe Mpwapwa sasa ulipita bila kushuka. Bagamoyo angalau ilibaki na bahari, na bahari huleta wageni hata ukiwa huna kazi nyingine.

Gulwe ndiyo iliyopona. Mama yangu amenisomesha kwa madirisha ya treni: karanga, ubuyu na mayai ya kuchemsha, beseni kichwani, dakika chache za kukimbia kando ya mabehewa huku abiria akitafuta chenji. Agosti 2024 reli ya kisasa ilizinduliwa rasmi hadi Dodoma, na kituo kipya cha Gulwe ni kizuri kuliko jengo lolote kijijini. Treni ni ya umeme, inapita kama upepo. Madirisha yake ni ya vioo visivyofunguka.

Treni ya zamani bado inapita, siku zake zikifika. Jioni ile nilipotoka Mpwapwa nilimkuta mama uani anafunga ubuyu kwenye vifuko. "Mbukwenyi," nikamwamkia. Akaniuliza kitu ambacho hakuwa ameniuliza tangu Pasaka: hiyo bahari ikoje?

Nikamwambia ni kubwa, na maji yake ni ya chumvi, hayanyweki.

"Kumbe Marenga Mkali," akasema, akachukua kifuko kingine.