Matairi makubwa na spesa kwenye pikapu iliyoinuliwa: hesabu ya safari ya Lilongwe na Dzaleka

Msafirishaji anayebeba unga, mafuta ya kula na usipa kutoka Lilongwe kwenda Dzaleka hupita barabara za aina mbili katika safari moja. Kwanza ni lami ya M1 kuelekea kaskazini, kupitia Kanengo na Lumbadzi. Kisha ni njia za udongo ndani ya kambi na katika vijiji vya Dowa, ambazo msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, hugeuka tope. Ni kwa ajili ya tope hilo baadhi ya wenye pikapu huinua gari, hufunga matairi makubwa na kuweka spesa. Gharama yake, hata hivyo, hulipwa zaidi kwenye lami.

Kambi ya Dzaleka, iliyo kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Idadi ya wakazi wake imepita 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warejee humo. Soko la kambi hutegemea mzigo wa kutoka nje, na pikapu, ambazo Malawi zinapobeba abiria na mizigo huitwa matola, ni chombo cha kawaida cha kuufikisha. Abiria mara nyingi hukaa juu ya mzigo huo huo, kwa hiyo gurudumu likichomoka wanaoumia ni wengi.

Kuinua gari peke yake hakutoshi

Wengi hudhani kwamba springi ndefu au vipande vya kuinulia huipandisha gari nzima. Huinuka bodi na chesisi tu. Difu ya nyuma ya pikapu kama Toyota Hilux imo kwenye ekseli, na ekseli inakaa juu ya magurudumu. Kinachoweza kuipandisha difu ni tairi lenye kimo kikubwa zaidi, basi. Ndiyo maana baada ya kuinua gari mwenye nacho hurudi kwa fundi kutafuta matairi.

Baadhi ya Hilux huja na tairi la 265/70R16, lenye kimo cha milimita 777. Tairi linalopendwa na wanaotaka ukubwa ni 285/75R16, lenye milimita 834. Tofauti ni 57, lakini difu hupanda nusu yake tu, yaani milimita 28. Hicho ndicho kinachonunuliwa: upana wa vidole viwili.

Bei yake ni asilimia 7.3 katika kila kitu kinachozunguka. Gia zote huwa nzito kwa kiasi hicho, klachi huteleza zaidi wakati wa kuondoka na mzigo, na breki hupungukiwa nguvu kwenye tairi kwa kiwango hicho hicho. Kati ya Lilongwe na Dzaleka dereva anaweza asilione. Anayeendelea na M1 hadi mpaka wa Songwe, kuchukua au kupeleka bidhaa Tanzania, ataliona akiteremka Chiweta na tani moja nyuma.

Mita hudanganya pia. Ikisoma kilomita 50 kwa saa mjini, gari linakwenda karibu 54, na polisi mwenye rada hatasikiliza maelezo ya matairi.

Linaloumiza zaidi ni mita ya kilomita. Safari 20 za kwenda na kurudi Dzaleka ni kilomita 1,800, lakini mita itaonyesha 1,678 hivi. Mwenye gari anayekadiria lita moja kwa kila kilomita 10 atategemea lita 168, wakati umbali halisi unahitaji 180. Lita 12 hizo hazikuibwa na mtu. Katika nchi ambayo uhaba wa mafuta umejirudia tangu mwaka 2022, dereva anaweza kufukuzwa kazi kwa lita 12. Anayebadilisha kimo cha matairi apime umbali unaojulikana kwa simu yenye GPS, aandike uwiano kwenye daftari la gari, na atumie namba hiyo kwa mafuta, kwa kubadilisha oili na kwa malipo ya dereva.

Spesa ni nini, na inawekwa kwa nini

Tairi pana huwa linagusa chesisi au mkono wa usukani dereva anapokata kona hadi mwisho. Spesa ni kipande cha chuma au aluminiamu kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje. Ya milimita 30 kila upande huongeza upana kati ya magurudumu kwa milimita 60. Haiongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja. Kinachoongezeka ni uzito unaoning'inia mbali na beringi, na usukani unaorudi mkononi kila tairi likiingia shimoni. Tairi likitokeza nje ya madigadi, tope na mawe huruka kwa walio nyuma.

Zipo spesa za aina mbili. Nyembamba hupachikwa kwenye bolti zilizopo, na hivyo hula urefu wa nyuzi. Bolti za Hilux ni za milimita 12 zenye nyuzi za hatua ya 1.5, na kanuni ya mafundi ni nati iingie angalau kwa kipimo cha unene wa bolti, yaani mizunguko 8 kamili. Ikikaza kabla ya hapo, spesa hiyo itolewe. Nene hufungwa kwa nati zake kwenye habu, kisha rimu hufungwa kwenye bolti za spesa yenyewe. Hizi ni afadhali, kwa sharti moja ambalo husahauliwa sana: tundu la katikati.

Hilux, Mitsubishi L200 na Ford Ranger nyingi zina bolti 6 kwenye duara la milimita 139.7, hivyo spesa ya moja itaingia kwenye nyingine. Lakini habu ya Hilux ina milimita 106, ya Ranger 93 na ya L200 67. Spesa ya Hilux ikifungwa kwenye L200 haishikwi katikati na chochote. Mzigo wote hubebwa na bolti sita, na bolti hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Spesa iliyochongwa mtaani bila kipimo cha habu ina kasoro hiyo hiyo. Nchini Australia, ambako pikapu za kuinuliwa ni nyingi, kanuni za kubadilisha magari zinakataza spesa ambazo hazikuwekwa na kiwanda, na huruhusu tairi lizidi kubwa zaidi la kiwanda kwa milimita 50 tu. Zile 57 zilizotajwa juu zisingepita huko.

Kwa anayeamua kuziweka, uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu iishe, bila kupaka grisi wala rangi. Nati zikazwe kwa zamu za kuvuka, kwa spana ya kipimo na kwa kiwango cha kitabu cha gari, si kwa kurukia bomba. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rimu zifunguliwe na nati za ndani zikazwe tena. Hapo ndipo uvivu huingia, kwa sababu nati hizo hazionekani kwa nje. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye tundu za nati, au habu moja kuwa na joto kuliko ya upande wa pili, ni dalili ya kusimama.

Tairi jembamba na refu

Kwa pikapu ya mzigo lipo chaguo ambalo halihitaji spesa kwa kawaida. Tairi la 235/85R16, ambalo Land Rover Defender ilitoka nalo kiwandani, lina kimo cha milimita 806 na ni jembamba kwa milimita 30 kuliko lile la 265. Difu hupanda milimita 14, mita hupotoka kwa asilimia 3.7 tu, na katika tope laini lenye ardhi ngumu chini, tairi jembamba hukata hadi kufikia ardhi hiyo. Mengi yana namba 120 ubavuni, maana yake kilo 1,400 kwa kila tairi. Namba 112 ni kilo 1,120.

Mnunuzi wa matairi ya mitumba asome pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na anunue matano. Tairi la akiba lenye kimo tofauti, likifungwa nyuma na kuendeshwa mbali, huilazimisha difu kufanya kazi muda wote kana kwamba gari linakata kona.