Mweupe, mweusi na ng'ombe wa mahari: Rangi ya ngozi inavyopimwa nyumbani Katavi

"Huyu mdogo katoka mweupe, dada yake ndiyo kachukua kwa baba." Kauli kama hii ni ya kawaida kwenye familia nyingi, na mara nyingi inasemwa dada mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo anasikia.

Ubaguzi huu unapita kati ya ndugu wa tumbo moja. Mmoja anaitwa Cheupe kwa kubembelezwa, mwingine anaitwa Mweusi kwa utani, na jina linaweza kumfuata mpaka ukubwani.

Mkoani Katavi, ambako makao makuu ni Mpanda, wenyeji ni pamoja na Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Wapo pia Wasukuma wengi waliohamia na mifugo yao. Kwa wafugaji hao, rangi ina bei: binti mweupe anaweza kutajiwa ng'ombe wengi wa mahari kuliko mweusi. Siyo kila ukoo, na tabia ya binti nayo inaangaliwa. Lakini dada wawili wanaweza kujua nani "ana ng'ombe" kabla hata hawajamaliza shule.

Anayesifiwa naye hayuko salama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Katavi walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Chanzo siyo rangi. Umaskini una sehemu kubwa. Ila mahari ikiwa nono, mzazi anapata sababu moja zaidi ya kuharakisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019.

Na yule aliyeitwa Mweusi? Wengine huishia kwenye mkorogo, krimu zinazochanganywa ili kuchubua ngozi. Baadhi zina haidrokwinoni, nyingine zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo hutumia kukamatia dhahabu. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini pia inapenya mwilini, inaharibu figo, na kwa mjamzito inaweza kumfikia mtoto tumboni. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS.

Vifundo vya vidole ndiyo huumbua: vinabaki vyeusi wakati uso umeshang'aa. Hapo utani wa nyumbani unaanza upya, safari hii kuhusu mkorogo.