Mafunzo ya mbwa wa nyumbani
Mafunzo ya mbwa wa nyumbani ni utaratibu wa kumzoesha mbwa kutii amri na kuishi na watu kwa usalama, nao hutegemea zaidi kanuni aliyoifafanua mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner mwaka 1938, kwamba tendo linalofuatwa na tuzo, yaani kitu anachokipenda mnyama, huelekea kurudiwa. Katika kufundisha amri ya "kaa", mkufunzi hushika kipande cha nyama mbele ya pua ya mbwa, kisha hukisogeza polepole juu ya kichwa kuelekea nyuma, na mbwa anapoinua pua kukifuata, makalio yake hushuka yenyewe. Hapo hapo hupewa kipande hicho, kwa kuwa tuzo ikichelewa huambatana na tendo jingine. Kipindi muhimu kuliko vyote ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi za umri, ambapo mtoto wa mbwa asiyezoeshwa watu na sauti mbalimbali huweza kubaki mwoga maishani. Kipigo hakimwelekezi mbwa afanye nini, bali humjengea hofu inayoweza kuzaa ung'ataji, na kumwadhibu kwa haja aliyoiacha sebuleni saa nzima iliyopita ni uonevu, kwani hawezi kuihusisha adhabu hiyo na tendo lake.