Chini ya ziwa si matope tu

Watu wangu, ukiuliza mtu yeyote huku Kisegi ziwa lina nini, atakutajia mbuta, omena, ngege. Na chini kabisa? "Ah, matope tu." Hiyo dharau ina historia ndefu, na imetugharimu.

Mwaka 1841 nahodha Mwingereza James Clark Ross alikuwa Antaktika. Alishusha wavu wa kukwangua sakafu ya bahari, mamia ya mita chini, kwenye maji yanayokaribia kuganda. Wavu ukarudi na wanyama hai wasio na uti wa mgongo, matumbawe yakiwemo. Lakini baadaye kidogo Edward Forbes, aliyekuwa amechunguza Bahari ya Aegean, akatangaza kwamba ukipita mita 550 hivi, uhai unaisha. Watu wakamwamini Forbes, na ushahidi wa Ross ulikuwepo tayari! Leo tunajua sakafu ile imejaa sponji, nyota za bahari na buibui wa bahari wakubwa ajabu.

Huku kwetu dharau ikawa ileile. Wakoloni waliwaita fulu samaki takataka. Kumbe wale fulu wadogo ndio walikuwa wafanyakazi wa chini: wengine walikula mabaki yaliyozama, wengine mabuu ya sam kwenye tope, wengine walivunja konokono. Michael Graham, aliyeongoza uchunguzi wa uvuvi wa 1927 na 1928, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake ni hatari. Mbuta akaletwa hata hivyo, upande wa Uganda miaka ya 1950, kisha Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 fulu wa aina nyingi sana walikuwa wametoweka.

Nani akachukua nafasi? Ochong'a! Kakamba kadogo kanakovumilia maji yenye oksijeni kidogo. Mbuta wachanga wakaishi kwa kula ochong'a. Kwa hivyo zile minofu zilizopanda ndege kwenda Ulaya zilisimama juu ya mgongo wa mdudu ambaye hakuna aliyemhesabu.

Wakati huohuo mbolea, udongo na maji taka vililisha mwani. Mwani ukifa huzama, na kuoza kwake kunamaliza oksijeni. Vipimo vya miaka ya 1990, vikilinganishwa na vya 1960 na 1961, vilionyesha maji ya kina yakikosa hewa kwa muda mrefu zaidi kila mwaka.

Sasa tunaweka vizimba vya samaki kila mahali. Sipingi, vijana wanahitaji kazi. Lakini chakula kinachobaki na kinyesi vinaanguka wapi? Mimi niliacha chuo, ila swali hili halihitaji digrii. Kabla ya kizimba kuruhusiwa, mtu achote tope la pale, ahesabu wanaoishi ndani, na matokeo yabandikwe kwenye banda la BMU, kwa Kijaluo na Kiswahili, kila mvuvi asome. Kisha achote tena baada ya mwaka.

Tukingoja samaki waelee ndio tuulize, tutakuwa tumechelewa. Chini ndiko huanza kufa kwanza. Wewe unasemaje?