Mabomba Matano ya Yambuku

Kila asubuhi wauguzi wa hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire, walikabidhiwa mabomba matano ya sindano. Matano tu, kwa wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito na wodi, katika hospitali yenye vitanda 120 iliyopokea mamia ya watu kwa siku. Mmoja akishachomwa, sindano ilisuuzwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kisha akachomwa anayefuata. Kuchemsha kulisubiri jioni, tena si kila jioni.

Mwishoni mwa Agosti 1976, mwanamume mwenye homa alichomwa hapo sindano ya klorokwini, kwa kudhaniwa ana malaria. Wiki chache baadaye vijiji vya jirani vilikuwa vikizika watu mfululizo. Ndiyo mara ya kwanza Ebola kujulikana Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Wagonjwa 318 walihesabiwa, 280 walikufa. Kati ya wagonjwa hao, 85 hawakuwa na njia nyingine iliyojulikana ya kuambukizwa ila sindano ya hospitali, na katika hao hakupona hata mmoja. Wahudumu 11 kati ya 17 walifariki, hospitali ikafungwa.

Wanaoniuma zaidi ni wajawazito. Walikwenda kliniki wakiwa wazima.

Mabomba ya plastiki ya kutupwa hayakuwa mageni wakati huo. Colin Murdoch, mfamasia na daktari wa mifugo wa New Zealand, alisajili hataza ya bomba la aina hiyo mwaka 1956. Miaka 20 ilikuwa imepita, na Yambuku bado iligawana matano.

Misri nayo iliumia, ila polepole. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwatibu wananchi wa vijijini kichocho kwa sindano nyingi za dawa ya antimoni. Nia ilikuwa njema na kichocho kilikuwa janga la kweli. Lakini mabomba ya kioo yalirudiwa bila kutakaswa ipasavyo, yakasambaza homa ya ini aina ya C, ambayo kirusi chake kilikuja kutambuliwa mwaka 1989. Walioambukizwa utotoni walianza kuugua ini wakiwa watu wazima, wakati vidonge vya prazikwanteli vilikwisha kuchukua nafasi ya sindano zile.

Plastiki peke yake haikutosha, maana panapokosekana vifaa, hata cha kutupwa huoshwa kikatumika tena. Ndipo likaja bomba linalojifunga. Mwingereza Marc Koska alianza kulifikiria mwaka 1984, aliposoma gazetini kwamba sindano zingekuja kueneza UKIMWI. Katika bomba lake, mchi ukishasukumwa hadi mwisho, ukijaribu kuuvuta tena unakwama na kuvunjika. Muuguzi aliyechoka na mwenye foleni ndefu hawezi kulirudia hata akitaka.

Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA zilitaka chanjo zote zitolewe kwa mabomba ya namna hiyo ifikapo mwisho wa 2003. Lakini kufikia 2015 chanjo zilikuwa takriban asilimia 5 tu ya sindano zilizochomwa duniani. Asilimia 90 zilikuwa za matibabu, kama ile ya klorokwini ya Yambuku. Hizo zilisubiri hadi Februari 2015 ndipo WHO ikazitolea mwongozo wake. Miaka 16 ni mingi mno kwa jambo ambalo hatari yake ilikwisha kuonekana tangu 1976.