Mtoro wa Dawa

Mwambao ulilijua neno mtoro kabla haujajua zahanati. Katika karne ya 19, watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao wakaenda kujificha katika vijiji vya bara kama Fuladoyo, nyuma ya Malindi. Baadaye neno likaingia jeshini, likaingia na shuleni, kwa mtoto anayekwepa hesabu. Popote lilipokwenda, lilikwenda na mwenzake asiyetajwa: mwenye haki ya kumrudisha aliyekimbia. Ndiyo maana hunikera kulisikia likibandikwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyekatiza vidonge. Mtoro wa dawa. Bwana wake nani?

Huku Bonde la Ufa swali hilo lilipata jibu baya. Agosti 2010, wanaume wawili wa Nandi walikamatwa kwa kutomaliza dawa za TB, na mahakama ikaamuru watengwe miezi minane katika gereza la Kapsabet. Walikaa siku 46. Aliyewapeleka kwa hakimu alikuwa afisa wa afya ya umma, akiegemea kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, sheria ya mwaka 1921, ya mkoloni. Kifungu kilisema kutenga, afisa na hakimu wakasoma kufunga. Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho hakimruhusu mtu kumtia mgonjwa gerezani, na kwamba kufungwa kule kulikiuka Katiba. Sijui ni nani aliyedhani seli iliyosongamana ni dawa ya mapafu.

Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaacha istilahi za Kiingereza zilizomwita mgonjwa mshukiwa na mtoro. Sasa ni “anayedhaniwa kuugua” na “aliyepotea katika ufuatiliaji”. Hiyo ya pili ni nzito mdomoni, lakini naipenda: mfuatiliaji naye ana sehemu yake katika upotevu. Mshukiwa tumwachie msomaji wa habari za wizi wa mifugo.

Kiswahili chenyewe kina neno jema zaidi. Kuungua kumezaa kuunguza. Kwa kanuni hiyohiyo, kuuguza kungekuwa kumtia mtu ugonjwa. Wenye lugha walikataa. Kuuguza ni kukaa na anayeugua, na muuguzi akapata jina lake hapo.

Hapa Nakuru wanaokatiza dawa mara nyingi ni vibarua. Mtu anaanza vidonge Kaptembwa, anasikia kuna kazi ya maua Naivasha au ya viazi Molo, anaondoka. Miezi sita ya dawa ni mingi kwa asiye na mshahara. Muuguzi mwenye rejista anaweza kuandika “mtoro”, na hapo kapiga hatua ya kwanza kuelekea Kapsabet. Au aandike “amehamia Naivasha”, apige simu, na mwenzake wa huko ajue vimebaki vidonge vya miezi mingapi.