Mchina feki alivyomfunika Mchina orijino

Wiki hii kuna mastaa wawili, majina kapuni, wanarushiana maneno nani orijino na nani kopi. Kabla hujachagua upande, sikia bifu hili la wafanya mazingaombwe wa zamani.

Mwaka 1898 alitua Marekani Mchina mmoja, Ching Ling Foo. Jamaa alikuwa balaa. Anatandaza kitambaa sakafuni, anakiinua, chini kuna bakuli kubwa limejaa maji! Watu hoi. Sifa zikamzidi, akatangaza dola 1,000 kwa yeyote atakayeweza kuiga mchezo ule.

Mmarekani William Robinson, ambaye kwa miaka alikuwa msaidizi wa wakali wa mazingaombwe, akajitokeza. Foo akamkaushia. Kumbe dau lilikuwa la kutafutia kiki tu.

Robinson hakubishana. Mwaka 1900 akaibukia Paris: kanyoa sharubu, kavaa kanzu ya Kichina, nywele ndefu zimesukwa mgongoni, na muda si mrefu akajiita Chung Ling Soo. Stejini haongei. Waandishi wakija anatumia mkalimani! Uongo mtupu, ila kazi aliijua.

Mwanzoni mwa 1905 wakakutana London, kila mtu na ukumbi wake, na kumbi zenyewe jirani. Foo kachafukwa. Akatangaza pauni 1,000 kama Soo ataweza kufanya michezo 10 kati ya 20 ya kwake. Gazeti la Weekly Dispatch likasema njooni ofisini kwetu, tuone mbivu na mbichi.

Januari 7, Soo akafika na kupiga kazi mbele ya waandishi. Foo? Kaingia mitini. Alitaka kwanza mwenzake athibitishe kuwa ni Mchina kweli.

Hapo ndipo inapouma. Foo alikuwa anasema ukweli, tena mchezo ulioibiwa ni wa kwake. Lakini tambo zake za dola 1,000 ndizo zilimtengenezea adui, na siku ya kuthibitisha hakutokea. Nani angemwamini?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ya miaka 18. Machi 23, 1918, London, Soo alikuwa akifanya mchezo wa kudaka risasi kwa sahani. Bunduki ilikuwa na hitilafu, risasi ikatoka kweli, ikampata kifuani. Ndipo ukumbi ukamsikia akiongea Kiingereza safi. Kesho yake akafariki.

Somo langu ni dogo tu. Mtu akijigamba, usibishane naye, mwambie aonyeshe mbele ya mashahidi. Na wewe mwenye haki, punguza mdomo, halafu siku ikifika TOKEA.

Haya mdau, ungekuwa timu Foo au timu Soo? Tiririka hapo chini.